Nishani zilizokosekana kwenye DD 214 yangu: shajara ya mradi

Januari, wiki ya pili

Naanza kuandika ili mambo yasinichanganye, na pia kwa sababu sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki tukavaa gwanda la Jeshi la Marekani tunaulizana maswali haya haya kwa simu mwaka nenda mwaka rudi.

Hali ni hivi. Nilitoka jeshini mwaka 2013. Siku ya kutoka unapewa fomu DD 214, na kuanzia hapo fomu hiyo ndiyo inayokusemea kila unapobisha hodi: kazini, kwenye mkopo wa nyumba, hospitalini, hata makaburini. Kisanduku cha 13 ndicho cha nishani, beji na tepe. Changu kina Nishani ya Kampeni ya Afghanistan yenye nyota moja, Nishani ya Ulinzi wa Taifa, ile ya Vita dhidi ya Ugaidi, medali ya NATO, na tepe mbili ambazo karibu kila askari aliyetumwa ng'ambo anazo. Basi. Karani aliyenichapia alisema kinachokosekana kitaongezwa baadaye. Nani angekiongeza, hakusema.

Ninachodai: nyota ya pili kwenye nishani ya Afghanistan, Sifa ya Kikosi waliyopewa batalioni yetu, Nishani ya Pongezi ya Jeshi niliyovishwa mbele ya kombania nzima, Nishani ya Mwenendo Mwema, na Beji ya Mapambano, kwa sababu ya bomu lililozikwa barabarani tukiwa kwenye msafara wa malori.

Mtu ataniuliza faida yake nini miaka yote hii. Kwa nyota, hakuna hata senti. Zile pointi 5 anazoongezewa mwombaji wa kazi za serikali kuu zinatokana na nishani ya kampeni yenyewe, na hiyo ninayo. Beji ni habari nyingine. Sheria ya maveterani inasema aliyethibitika kupigana na adui anaweza kuaminiwa kwa maelezo yake mwenyewe kuhusu jeraha alilolipata huko, mradi maelezo yaendane na mazingira ya vita. Asiye na uthibitisho huo huambiwa alete karatasi ya jeraha lenyewe. Mimi masikio yanavuma tangu mwaka 2011. Kwa hiyo beji kwangu ni ufunguo wa mlango wa kliniki.

Zilizobaki nazitaka kwa sababu ni zangu.

Januari, mwishoni

Nimetuma ombi la nakala ya faili langu lote la utumishi. Fomu inayotumika ni SF 180, lakini siku hizi ombi hilo hilo linafanyika mtandaoni kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Veterani hatozwi kitu kwa faili lake mwenyewe. Nimeomba faili zima, si DD 214 peke yake. Ukiomba DD 214 tu utaletewa karatasi ile ile yenye kasoro na utabaki ulipokuwa. Na ukiulizwa nakala gani unataka, sema ile ndefu yenye sababu ya kuachishwa na aina ya kuachishwa. Ile fupi imepunguzwa mambo na ofisi nyingi haziipokei.

Mzee mmoja ninayesali naye, aliyepigana Korea, alicheka niliposema nasubiri faili. Lake lilikuwa kwenye lile jengo la kumbukumbu za askari huko St. Louis lililoshika moto tarehe 12 Julai 1973. Moto ule uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Kwa askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, kama asilimia 80 iliondoka. Mzee aliletewa kurasa chache zenye kingo nyeusi. Nilimuuliza walimjengeaje faili upya. Akasema kwa vocha za mishahara na ripoti za asubuhi, zile ambazo kila kombania iliandika kila siku nani yupo, nani mgonjwa, nani kahamishwa. Hakuna aliyeziandika kwa ajili ya medali yake. Nimelikariri hilo.

Februari, mwanzo

Faili limefika, kurasa nyingi, na nusu hazina maana kwa kazi hii: fomu za bima ya maisha, vyeti vya kuendesha lori usiku kwa miwani maalumu, ahadi niliyotia saini kwamba sitashika simu nikiwa kwenye usukani.

Nimezisoma zote hata hivyo, na kalamu mkononi. Lenye thamani limetoka pasipotarajiwa. Kuna ukurasa mmoja wa muhtasari wa utumishi, ule unaotumika kupandisha watu vyeo, na kwenye safu yake ya nishani imeandikwa Nishani ya Pongezi: moja. Ukurasa huo umechapwa miezi kadhaa kabla sijatoka. Yaani kompyuta ya jeshi ilijua. Aliyechapa DD 214 hakuhamisha.

Lakini muhtasari si amri. Hapo ndipo nilipoona kwamba madai yangu matano hayawezi kwenda kwenye bahasha moja. Yapo yanayotokana na kuwepo tu: ulikuwa mahali fulani, tarehe fulani, umestahili, hakuna wa kukuonea huruma wala kukunyima. Yapo yanayotokana na uamuzi wa kamanda, na haya yanahitaji amri yenye namba. Halafu yapo ambayo hakuna aliyewahi kuyaandikia chochote, na hayo ndiyo ya kutoa jasho. Ukiyachanganya, lililo jepesi linasubiri lililo zito, na mwaka unakwisha.

Februari, katikati

Nyota ya pili. Hii imenifurahisha kwa jinsi ilivyo wazi.

Vita vya Afghanistan, kwa hesabu za nishani, vimegawanywa katika vipindi. Kimojawapo kilianza tarehe 1 Desemba 2009 kikaisha tarehe 30 Juni 2011. Kilichofuata kilianza kesho yake, tarehe 1 Julai 2011, kikaenda hadi mwisho wa 2014. Kila kipindi ulichokuwemo, hata kwa siku moja, ni nyota moja ya shaba kwenye utepe. Mimi nilifika Septemba 2010 nikaondoka mwishoni mwa Agosti 2011. Nimevuka mpaka huo nikiwa nimelala kwenye kontena la bati mkoani Kandahar, bila kujua kwamba kuna mpaka.

Na ushahidi uko kwenye DD 214 hiyo hiyo. Kisanduku cha 18, cha maelezo mengineyo, kinataja tarehe za utumishi wangu Afghanistan, mwanzo na mwisho. Kisanduku cha 13 kinasema nyota moja, cha 18 kinasema mbili. Barua yangu kwa dai hili ina aya mbili fupi, nami sioni haja ya kuongeza.

Sifa ya Kikosi nayo haikunisumbua. Nishani za vikosi huchelewa kwa asili yake. Maombi yanapanda ngazi baada ya ngazi, na amri inatoka wakati nusu ya watu wameshatawanyika. Amri ya batalioni yetu ilitoka mimi nikiwa uraiani, kwa hiyo mwaka 2013 haikuwepo ya kuandikwa. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba ulikuwa umepangiwa kikosi hicho ndani ya tarehe zilizotajwa kwenye amri. Amri yangu ya kutumwa vitani inaonyesha hivyo, na namba ya utambulisho wa kikosi inafanana herufi kwa herufi. Linganisha hiyo namba kabla hujatuma. Watu wanalinganisha jina la kikosi, na majina hubadilika.

Machi, mwanzo

Nishani ya Pongezi imenipeleka mbali.

Ninacho cheti chake ukutani, kile chenye muhuri, saini ya kanali na maneno matamu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna namba ya amri na tarehe. Kila mtu anakitazama cheti akisoma maneno matamu. Ofisi inatazama ile namba. Tatizo ni kwamba nusu ya namba yangu imefifia, kwa sababu cheti kilikaa miaka kwenye mwanga wa dirisha. Inasomeka tarakimu mbili za mwanzo na mwaka.

Karatasi mama ya nishani hii ni fomu DA 638, ya mapendekezo. Ndiyo inayoanza kwa mkuu wako wa karibu kuandika ulichofanya, ikapanda kwa kila anayehusika kukubali au kukataa, na mwisho kabisa aliyeidhinisha anaandika namba ya amri. Ikitiwa kwenye faili, hakuna ubishi. Yangu haikutiwa.

Nikamtafuta aliyekuwa karani wa kombania. Tulikuwa wawili tu wa Kiswahili pale, na usiku wa zamu tulizoea kukaa pamoja. Amehama mara kadhaa, namba yake ya zamani haipatikani, ila mke wa rafiki wa rafiki akanipa mpya.

"Kaka, unakumbuka ile pongezi yangu?"

"Naikumbuka. Niliichapa mimi mara tatu, luteni hakupenda vitenzi."

"Nakala unayo?"

Akanyamaza kidogo. "Ngoja nitazame kwenye diski yangu ya nje. Nilikuwa naweka kila kitu, maana mtandao wa kule ulikuwa unakatika, na nikipoteza fomu ya mtu nalaaniwa mimi."

Siku ya pili yake ikaja: DA 638, saini zote zimo, namba ya amri imechapwa safi kwenye sehemu ya mwisho. Nimeilinganisha na cheti ukutani. Tarakimu mbili zinazosomeka ni zile zile, na tarehe ni hiyo hiyo.

Machi, katikati

Nimetuma bahasha ya kwanza kwa kamandi ya rasilimali watu huko Fort Knox, Kentucky, inayoshughulika na kurekebisha DD 214 za watu wa enzi yangu. Ndani: nyota, Sifa ya Kikosi, Pongezi, na Mwenendo Mwema. Kila dai lina ukurasa wake wa mbele na ushahidi wake nyuma, na juu ya kila ukurasa nimeandika nambari nne za mwisho za utambulisho wangu endapo kurasa zitaachana.

Mwenendo Mwema nimeutuma nikijua una walakini. Nishani hii ipo tangu agizo la Rais la mwaka 1941, na kwa kawaida unaistahili kwa miaka 3 mfululizo ya utumishi bila doa. Mimi nina miaka minne na hakuna doa: hakuna adhabu, hakuna barua ya karipio, kupandishwa cheo kumekuja kwa wakati. Lakini haiji yenyewe. Kamanda lazima aidhinishe na amri itoke, na kwenye faili langu amri hiyo haipo. Sikumbuki kama iliwahi kutolewa.

Aprili

Sasa beji.

Beji ya Mapambano iliidhinishwa tarehe 2 Mei 2005 na kurudishwa nyuma hadi tarehe 18 Septemba 2001. Kabla yake, askari wa miguu walikuwa na beji yao na matabibu yao, lakini dereva wa lori aliyepigwa risasi barabarani hakuwa na chochote cha kifuani cha kusema hivyo. Katika vita ambavyo barabara ndiyo ilikuwa uwanja wa mapigano, hilo lilikuwa jambo la ajabu. Masharti: uwepo wewe mwenyewe, uwe umeshambuliwa au umemshambulia adui, na uwe umetimiza wajibu wako kwa namna inayoridhisha.

Siku yenyewe sitaisimulia kwa kirefu. Lori la mbele yangu lilipita juu, la kwangu likapita juu, na bomu likalipuka kati ya langu na la nyuma. Kioo cha pembeni kikaingia ndani. Hakuna aliyekufa. Tuliambiwa majina yameandikwa kwa ajili ya beji. Yaliandikwa wapi, mpaka leo sijaona karatasi.

Nimekaa na swali hili wiki nzima: nathibitishaje? Kumbukumbu yangu haihesabiki sana, mimi ndiye mwenye dai. Ripoti ya tukio iko mahali fulani kwenye mafaili ya siri ambayo kuyafungua ni safari ya peke yake.

Kisha nikakumbuka lile hema la matabibu.

Kuanzia Juni 2010 Wizara ya Ulinzi ilikuwa imetoa agizo: yeyote aliyekuwa ndani ya mita 50 za mlipuko apimwe kama ubongo umetikisika, hata akisema yuko sawa, na apumzishwe angalau saa 24. Sisi tuliliona ni usumbufu. Unaulizwa maneno matano uyakariri, unaulizwa mwezi gani huu, unahesabu namba kinyumenyume, halafu unarudia yale maneno matano. Nilipimwa jioni ile. Kwa hiyo mahali fulani kuna fomu yenye jina langu, tarehe ile, na jibu la swali la kwanza kabisa ambalo tabibu huuliza: nini kimekutokea?

Nimeomba mafaili ya matibabu kupitia Idara ya Maveterani. Mafaili ya matibabu si sehemu ya faili la utumishi. Yana njia yake, na wengi hawaombi kwa kudhani wameshaletewa kila kitu.

Mei, mwanzo

Fomu ya tabibu imefika. Imeandikwa kwa mkono na kuskaniwa ikiwa imepinda kidogo. Tarehe ndiyo. Chanzo: mlipuko wa bomu la barabarani, abiria na dereva ndani ya gari. Umbali: kuna kisanduku, na tabibu ameandika mita 20. Kupoteza fahamu: hapana. Kelele masikioni: ndiyo, yote mawili. Mapumziko: saa 24, arudi kupimwa.

Rafiki niliyemwonyesha akaniambia papo hapo nidai Nishani ya Moyo wa Zambarau, ile ya waliojeruhiwa. Nimelitazama na nimeliacha. Mwongozo wa jeshi wa mwaka 2011 unakubali mtikisiko wa ubongo, ila uwe umekupotezea fahamu, au umekuzuia kazi kamili kwa zaidi ya saa 48 kwa sababu ya dalili zisizoisha. Mimi sikupoteza fahamu, na saa 24 za mapumziko zilipokwisha nilirudi kwenye usukani. Karatasi ile ile inayonipa beji inaninyima moyo, na siwezi kuisoma upande mmoja tu.

Mei, katikati

Mashahidi. Aliyekuwa sajenti wangu wa platuni alikubali bila kusita, na siku hiyo hiyo akaniletea ukurasa mzima. Ulikuwa barua ya upendo. Mimi ni askari hodari, dereva asiyechoka, mtu wa kutegemewa, heshima kwa taifa. Bomu alilitaja kwenye sentensi ya mwisho.

Nilimpigia. "Sajenti, nashukuru kutoka moyoni. Lakini anayesoma hataki kujua mimi ni mtu mwema. Anataka kujua wewe ulikuwa wapi na uliona nini."

"Nilikuwa gari la tatu."

"Andika hivyo."

"Nililiona vumbi likifunika lori lako, nikakuita kwenye redio hukujibu mara ya kwanza."

"Andika hivyo hivyo."

Toleo la pili ni nusu ukurasa na lina uzito mara kumi. Gari la tatu, mwelekeo wa msafara, saa kwa makadirio, vumbi, redio, jibu langu la pili, kisha risasi kutoka upande wa mfereji. Ameliandika kwenye fomu DA 2823 ya maelezo ya kiapo na kulitilia saini mbele ya mthibitishaji. Pale asipokumbuka, ameandika kwamba hakumbuki. Nilimsihi asijaze pengo lolote kwa kunisaidia, kwa sababu maelezo mawili yanayofanana neno kwa neno yananuka.

Shahidi wa pili ni mpiga bunduki wa juu wa lori la nyuma. Yeye alikuwa akiangalia mahali bomu lilipotokea, na alichokiona kinatofautiana na cha sajenti kwa jambo moja: idadi ya milio. Nimeacha hivyo.

Juni

Bahasha ya beji imeenda Fort Knox peke yake: maelezo yangu ya ukurasa mmoja, mashahidi wawili, fomu ya tabibu, amri ya kutumwa vitani, DD 214. Maelezo yangu nimeyaweka nyuma ya fomu ya tabibu. Acha karatasi isiyo na maslahi izungumze kwanza.

Ndugu mmoja alinipigia baada ya kusikia ninachofanya. Yeye anasema alistahili nishani ya ushujaa lakini hakuna aliyempendekeza. Nilimweleza kadiri ninavyojua: pendekezo lilitakiwa liingizwe ndani ya miaka 2 ya tukio. Muda ukishapita kuna mlango mwingine, kifungu cha 1130 cha sheria ya jeshi, kinachomruhusu mbunge au seneta kuomba dai lipitiwe. Na kama pendekezo liliandikwa kweli likapotea, uonyeshe kwamba liliingia kwenye mikono ya jeshi na kwamba lilipotelea humo. Alisikitika. Anataka kwenda moja kwa moja kwenye bodi ya kurekebisha kumbukumbu za kijeshi. Nikamwambia bodi yenyewe itamuuliza kwanza kama milango ya chini ameigonga yote.

Agosti

Jibu la bahasha ya kwanza.

DD 215 imekuja. Hiyo ndiyo karatasi ya marekebisho. DD 214 haichapwi upya, bali inaambatishwa hii, nayo inasema kwenye kisanduku cha 13 futa hiki, weka hiki. Imefuta nyota moja, ikaweka mbili. Imeongeza Sifa ya Kikosi. Imeongeza Nishani ya Pongezi. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni na viatu vya kazi miguuni, nikampigia karani nikamwambia vitenzi vya luteni vimekubalika.

Mwenendo Mwema: hapana. Hakuna amri, na ofisi haina mamlaka ya kuibuni. Barua inanielekeza kwenye Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Kijeshi.

Septemba

Bodi hizi zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1946, ili Bunge liache kupitisha miswada ya mtu mmoja mmoja kila faili la askari linapokosewa. Wanaoamua ni raia, wasiopungua watatu. Fomu ni DD 149, haina ada, na wakili si lazima. Kuna kikomo cha miaka 3 tangu ulipogundua kosa, lakini bodi inaweza kukisamehe haki ikidai hivyo, na fomu ina mahali pa kueleza kwa nini. Wanaanza kwa kuchukulia kwamba kumbukumbu za jeshi ziko sahihi. Ni juu yako kufanya uzito wa ushahidi uelemee upande wako. Kufika mbele yao kujieleza kwa mdomo si haki yako, wao ndio wanaoamua kama wanakuhitaji. Karibu kila kitu ni karatasi.

Kilichonisaidia zaidi ni kusoma maamuzi yao ya zamani. Yanachapishwa mtandaoni yakiwa yamefutwa majina. Nimeyasoma ya Mwenendo Mwema jioni nyingi, na mwenendo wa hoja unajirudia: je, kipindi kimetimia? Je, kwenye faili kuna kauli ya kamanda ya kumnyima askari huyu? Je, kuna adhabu au siku za kutoroka? Kama kipindi kimetimia na hakuna kauli wala adhabu, mara nyingi bodi huona kwamba nishani ilisahauliwa, wala hakukuwa na nia ya kumnyima. Kamanda anayetaka kukunyima anatakiwa aandike hivyo na akupe nafasi ya kujibu. Ukimya wa faili, kwa mara ya kwanza katika mradi huu, uko upande wangu.

Kwa hiyo kiambatisho changu kikuu safari hii ni faili zima. Nimeandika: someni kurasa zote, hamtakuta. Nikaongeza amri za kupandishwa vyeo na ukurasa wa DD 214 unaoonyesha sababu na aina ya kuachishwa. Barua za sifa nimeziacha nyumbani, ukiwemo ule ukurasa wa kwanza wa sajenti, ambao nimeuhifadhi kwa sababu nyingine.

Oktoba

DD 149 imepokelewa kwenye mfumo wa mtandaoni na imepewa namba ya shauri. Sheria inataka asilimia 90 ya mashauri ya namna hii yaamuliwe ndani ya miezi 10, na lolote lisizidi 18. Wakiomba maoni ya kitaalamu kutoka ofisi nyingine, nitaletewa nakala na kupewa muda wa kuyajibu, kwa hiyo anwani yangu isibadilike bila wao kujua.

Beji bado iko Fort Knox. Juzi waliandika kuuliza kama nina amri inayoonyesha gari gani nililopangiwa siku ile. Amri ya namna hiyo haitolewi kwa dereva, ila kuna karatasi ya safari ambayo kamanda wa msafara huijaza kabla ya kutoka getini, yenye namba ya kila gari na majina ya waliomo. Nimemwandikia karani atazame tena kwenye ile diski. Nakala ya DD 215 nimeipeleka kaunti, nilikokuwa nimesajili DD 214, na nyingine nimeipakia Idara ya Maveterani.